Ofa mbili mezani, ukweli upande mmoja: kisa cha mhasibu wa Dar

Kisa hiki nimekipata kwa mhusika mwenyewe, halafu kwa ruhusa yake nikaongea na mtu wa HR (idara inayoajiri) wa kampuni moja na yule kaka wa wakala wa ajira. Majina yote nimeondoa, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili mtu asikae anahesabu ni nani. Namba za mishahara ni zenyewe.

Mhusika na hali aliyokuwa nayo

Tumwite Rehema. Mhasibu, ana CPA (cheti cha juu cha uhasibu), ameolewa na ana watoto wawili, wakati huo alikuwa anafanya kazi kampuni ya usambazaji hapa Dar, mwaka wa nne, na mshahara ulishagoma kupanda. Alikuwa analipwa shilingi 1,700,000 kwa mwezi kabla ya makato. Toa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10%, toa payee (PAYE, kodi ya mshahara), toa Bodi ya Mikopo 15% ya basic (mshahara wa msingi) maana bado anadaiwa hela ya chuo, mkononi inabaki 988,000. Yaani mtu mwenye CPA na hafikishi milioni, ndo maana alikuwa anatafuta kwa nguvu.

Alikuwa na michakato miwili ya kuomba kazi inaenda pamoja. Kampuni A ilikuwa inatafuta mtu kupitia wakala. Kampuni B ni kubwa kidogo, makao makuu ya kanda yako Nairobi, na alikuwa anaongea na HR wao moja kwa moja, dada mmoja mtaratibu sana. B ndo ilikuwa moyoni mwake: ajira ya kudumu, bima inayobeba familia nzima, na kazi yenyewe ya ripoti za kanda, wakati A ilikuwa mkataba wa miaka miwili na kazi ileile anayoifanya sasa ila kwa hela nzuri zaidi.

Kitu ambacho watu wengi wanaotafuta kazi hawakijui vizuri ni wakala anakula vipi. Wakala hulipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wako wa mwaka, na anaipata pale unapoanza kazi, siyo pale unapofaulu intavyu. Ukiondoka mapema kabla ya kipindi walichokubaliana, anatakiwa amletee mteja mtu mwingine bure. Kwa hiyo wakala akikuuliza "una mchakato mwingine wowote?" hakuulizi kwa umbea, anajaribu kujua kama hela yake ya mwezi huu ipo au haipo. HR wa ndani ni tofauti, yeye mshahara wake uko palepale usipokuja, kinachomuumiza ni bosi wa idara anayemuuliza kila asubuhi mtu yuko wapi.

Kingine cha nyuma, na hiki ni muhimu: miezi kadhaa kabla, Rehema aliwahi kuulizwa hilohilo swali na kampuni nyingine kabisa, akajibu ukweli kwamba ndiyo, nina intavyu sehemu mbili. Hakupigiwa tena simu. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu hiyo, ila yeye aliondoka na somo kwamba ukisema ukweli unaonekana hauko siriasi.

Mambo yalivyokwenda

Ijumaa alimaliza intavyu ya mwisho B. Wakamwambia wiki ijayo watamrudia, ile "wiki ijayo" tunayoijua wote.

Jumanne asubuhi kaka wa wakala akampigia: hongera, A wamekukubali, 2,400,000 kabla ya makato, barua naituma sasa hivi, wanataka jibu Ijumaa saa kumi jioni. Na akaongeza, unaweza kuanza kuandika barua ya kuacha kazi ili usichelewe. Hapo Rehema alifanya jambo la maana, akasema barua ya kuacha kazi ataandika akishasaini mkataba na siyo kabla. Barua ya ofa yenyewe ilikuwa na kile kistari cha "kutegemea majibu ya wadhamini", yaani wale watu watatu unaowaandika mwisho wa CV walikuwa hawajapigiwa bado.

Jumatano mchana akamwandikia dada wa HR wa B. Meseji aliihifadhi, hii hapa na ruhusa yake:

"Habari dada, samahani kwa usumbufu. Nimepata ofa rasmi sehemu nyingine na wanataka jibu Ijumaa jioni. Kwenu ndo napendelea zaidi kwa sababu ya kazi yenyewe. Sikusudii kuwapa presha, naomba tu kujua kama mchakato wenu unaweza kufika mwisho kabla ya hapo, kama hauwezi niambie tu nijipange."

Dada akapiga ndani ya saa moja. Maswali mawili: kampuni gani, na shilingi ngapi. La kwanza Rehema akasema naomba nilihifadhi ila siyo washindani wenu. La pili akasema 2,400,000 kabla ya makato.

Hapo pa 2,400,000 palikuwa na mvutano nyumbani usiku uliopita. Kaka yake mkubwa, ambaye ni mtu wa biashara Kariakoo, alimwambia sema tatu, kila mtu anasema tatu, wao wenyewe wanajua unaongeza kwa hiyo ukisema mbili na nne watasikia mbili. Rehema alikataa, na alivyonieleza haikuwa kwa uchaji sana, aliogopa tu kuulizwa barua.

Na kweli aliulizwa. Alhamisi dada akarudi: watu wa fedha Nairobi wanataka kuona barua ya ofa ndo waidhinishe kiwango cha juu ya kile walichopanga. Rehema akajibu hivi: "Dada, barua imeandikwa ni siri. Nikitoa ya wenzenu, kesho na ya kwenu nitaitoa. Kiasi nilichokutajia ndicho kilichoandikwa, na siku ya kusaini nikija naweza kukuonyesha kwenye simu nikiwa nimeziba jina." Dada alicheka, akasema sawa ngoja niongee nao, ila idhini haiwezi kutoka kabla ya Jumatatu maana bosi wa kanda yuko safarini.

Sasa hapa ndo tunageuza ukurasa. Jibu la A linatakiwa Ijumaa, la B linakuja Jumatatu. Alhamisi hiyohiyo jioni akampigia kaka wa wakala kuomba muda, akamwambia mume wangu yuko safari Mwanza, hatupatani vizuri kwenye simu, naomba mpaka Jumanne tukae tuongee. Mume alikuwa nyumbani Tabata, hapahapa Dar, sebuleni, anaangalia mpira. Kaka akauliza, moja kwa moja kabisa, "Dada, una mchakato mwingine wowote? Niambie tu." Akajibu hapana, hamna.

Kaka akamwombea kwa mteja, wakampa mpaka Jumatatu jioni.

Ijumaa kaka wa wakala akaanza kupigia wadhamini. Wa pili kwenye orodha alikuwa bosi wa zamani wa Rehema, mzee mmoja mwema sana na muongeaji, akamsifia vizuri, halafu mwishoni akasema kwa furaha tu, "Huyu binti wiki hii mnamgombania, jana wamenipigia wengine hao wa Nairobi nao wananiuliza hayahaya."

Kaka hakusema kitu. Alishukuru, akakata simu, akamtafuta mtu wa pili kwenye orodha ya usaili akamwambia akae tayari.

Jumatatu saa sita mchana B walituma ofa, 2,750,000, ya kudumu. Rehema alisoma mkataba wote, akasaini kwa njia ya mtandao, halafu akampigia kaka wa wakala. Alipiga, hakutuma meseji, hilo nampa. Akaanza na maelezo marefu ya kwamba wameongea na mume wake wameona A haiwafai kwa sasa. Kaka akamwacha amalize, akasema: "Sawa dada. Ila Alhamisi nilikuuliza ukasema huna." Akamtakia kila la heri. Simu nzima haikufika dakika tatu.

Kwa nini aliamua vile

Nilimuuliza kwa nini kwa B alinyoosha na kwa A akapinda, maana ni mtu yuleyule na ni wiki ileile. Jibu lake lilikuwa la wazi kuliko nilivyotegemea. B alikuwa anaitaka, kwa hiyo akawaza kama mtu atakayekutana nao kila siku kwa miaka. A alikuwa anaitumia kama akiba, na wakala akamchukulia kama mtu wa katikati tu ambaye hatamuona tena. Halafu kulikuwa na lile somo la zamani la kunyimwa simu baada ya kusema ukweli.

Kuhusu kukataa kutaja jina la kampuni na kutotoa barua, hakushauriwa na mtu, ila kwenye uhasibu ukishazoea kukaa na mishahara ya watu kwenye kompyuta yako unajua karatasi gani haitoki mlangoni.

Matokeo

Kwenye hela, alipanda. Lakini ngoja tuihesabu vizuri, maana watu wanagombana na waajiri kwa namba ambazo hawazijui. Tofauti ya ofa mbili ilikuwa 350,000 kwenye karatasi. NSSF inachukua 35,000. Inayobaki ni 315,000, na kwa kuwa mshahara ulishapita milioni moja, kila shilingi ya juu inakatwa payee 30%, hiyo ni 94,500. Bodi ya Mikopo 15% ya ile 350,000, ni 52,500. Mkononi imebaki 168,000. Kwa A angepokea 1,324,000, kwa B anapokea 1,492,000. Siyo hela ndogo, ila siyo laki tatu na nusu iliyokuwa inapigiwa hesabu ya ada ya shule.

Kazi ya zamani alitoa notisi akiwa na mkataba mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, mkataba wake ulisema mwezi mmoja, B wakamsubiri bila shida. Bosi wake alijaribu kumuongezea laki mbili abaki, akakataa na hawakununiana.

Upande wa wakala mambo hayakuisha vizuri. Miezi kadhaa baadaye kuna nafasi ya juu zaidi ilipita mikononi mwa wakala huyohuyo, ya aina ambayo Rehema angeifaa kabisa, na rafiki yake ndo alimtumia tangazo. Akatuma CV. Akajibiwa kwa heshima kwamba imepokelewa. Kaka mwenyewe aliniambia hajaipeleka kwa mteja na hana mpango huo: "Siyo kinyongo. Mimi nikimpeleka mtu, nampeleka na neno langu. Nitamwambia mteja nini kuhusu huyu?"

Halafu akaniambia kitu kingine ambacho Rehema alikisikia kwangu na kikamuuma kuliko yote. A walikuwa wameidhinisha mpaka 2,800,000. Waliingia na 2,400,000 kwa sababu hakuna aliyekuwa anamgombania kwa taarifa walizokuwa nazo. Kaka anasema angeambiwa Alhamisi kwamba kuna mchakato mwingine uko hatua ya mwisho, angerudi kwa mteja jioni hiyohiyo kuomba waongeze, maana hata yeye hela yake ingeongezeka. Kwa lugha nyingine, lile "hapana" lilimfungia Rehema nafasi ya kupandishiwa dau. Inawezekana bado angeenda B kwa sababu ya kudumu na bima, sawa, lakini angeenda B akiwa na 2,800,000 ya kweli ya kuweka mezani.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ile meseji ya Jumatano ni nzuri kwa sababu ina vitu ambavyo HR anaweza kuvifanyia kazi. Inasema ofa ipo, inasema mwisho ni lini, inasema kwenu ndo nataka na kwa nini, halafu inampa mlango wa kusema hapana. Linganisha na ile tunayotuma wengi, "kuna sehemu wananihitaji sana naomba majibu haraka". Hiyo HR anaisoma kama kitisho, na hata akitaka kukusaidia hana cha kupeleka kwa bosi wake. Dada wa B aliniambia kilichomsaidia kwa watu wa fedha ni ile siku na saa. Bila hiyo faili lingekaa wiki mbili, na hapo silaumu mtu, idhini ya mshahara nje ya kiwango inapita kwa mkuu wa idara, fedha, na bosi wa kanda, na kila mmoja anasubiri sababu ya kuharakisha.

Kutaja kiasi halisi nako kulimbeba, ila siyo kwa sababu ukweli ni mtamu. B walimpa juu ya ofa ya A kwa sababu kiwango chao cha nafasi hiyo kilikuwa kinaruhusu kusogea. Angesema 3,000,000 kama kaka yake alivyotaka, moja kati ya mawili: wangemwambia hatufikii huko, nenda, au wangesema lete barua. Na hata kama ingepita, kuna jambo la kisheria watu hawalifikirii. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri, ile kinga ya kutoachishwa isivyo haki kwenye sheria ya 2004 haimhusu, na mikataba mingi ina kifungu kwamba ukigundulika ulidanganya wakati wa kuajiriwa unaondoka. Unaanza kazi mpya huku umekalia kitu hicho, na Dar watu wa HR wanafahamiana, wamesoma pamoja, wamehamahama ofisi zilezile.

Kuna wanaosema kuficha jina la kampuni nayo ni kutokuwa mkweli. Mimi sikubaliani. Aliulizwa, akasema nahifadhi, kila mtu akajua kuna kitu kimehifadhiwa. Kunyamaza waziwazi ni haki yako, na jina la mwajiri mwingine halimsaidii HR kuamua kama anakutaka. Kiasi kinamsaidia, tarehe inamsaidia. Ila angalia usichanganye: ukiamua kutaja kiasi, sema kama ni kabla ya makato au mkononi. Mtu akisema "wananipa mbili" bila kufafanua, mwenzake anasikia anachotaka, na baadaye inaonekana ulidanganya kumbe mlikuwa hamuelewani.

Uchambuzi: kilichoharibika

Safari ya Mwanza peke yake ingesameheka, kaka wa wakala mwenyewe alisema anasikia safari za Mwanza kila wiki. Tatizo ni kwamba aliulizwa swali la wazi akajibu hapana, wakati wadhamini walewale watatu wako kwenye CV zote mbili na wote watapigiwa simu wiki hiyohiyo. Hakuhitaji kuwa na bahati mbaya ili agundulike, ratiba ya kawaida ya ajira ilitosha. Mzee wa watu hakumchongea, alikuwa anampamba.

Pia alikosea kumtazama wakala kama mpita njia. Mwajiri mmoja ana nafasi ya uhasibu mara moja kwa miaka kadhaa, wakala anazo kila mwezi. Ukihesabu nani utakutana naye tena kwenye maisha yako ya kazi, wakala yuko juu ya orodha.

Na ile simu ya Jumatatu. Kupiga ni vizuri, lakini alipiga akiwa bado anaibeba hadithi ya mume. Wakati huo alishasaini B, hakuwa na cha kulinda tena. Angesema "kaka, Alhamisi hukupata jibu la kweli, nilikuwa na mchakato mwingine na nimeuchukua, samahani nimekuweka pabaya kwa mteja", kaka anasema angekasirika siku mbili na CV ingekuwa mezani mpaka leo. Ninamwamini, maana alikuwa ameshaujua ukweli tangu Ijumaa na bado aliendelea kusubiri aone atasemaje.

Upande wa waajiri nao

Siwezi kumbebesha Rehema yote. Siku tatu za kujibu ofa ya mkataba wa miaka miwili ni chache, na kumshawishi mtu aandike barua ya kuacha kazi kabla wadhamini hawajapigiwa ni kumweka barabarani. Kama ofa ingevunjika kwenye hatua ya wadhamini, nani angemlipia kodi ya nyumba? Na ile kampuni ya zamani iliyonyamaza baada ya kuambiwa ukweli, kama kweli ilikuwa ni kwa sababu hiyo, ndo iliyomfundisha mtu huyu kudanganya, halafu bili ikaenda kulipwa na wakala asiyehusika. HR wengi wanauliza "una mchakato mwingine?" na hawasemi watalifanyia nini jibu. Nilimwambia kaka wa wakala angeuliza hivi: "kama una mchakato mwingine niambie uko hatua gani ili nikuombee muda, siyo nikutoe." Akasema anaogopa kila mtu atasema anao.

Nikamuuliza, kwani sasa hivi si wanao?

Kwa anayetafuta kazi na kaulizwa swali hilo leo, jibu ambalo lingemfaa Rehema Alhamisi ile lilikuwa fupi tu: "Ndiyo kaka, kuna sehemu niko hatua ya mwisho, wananijibu Jumatatu. Ofa yenu nimeipenda na sijaikataa. Naomba mpaka Jumanne saa nne asubuhi, na nikikosa kujibu saa hiyo, mpe mwingine."